Kuchagua Vipuri vya Kompyuta Yako ya Kwanza kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili

Mwenye kwenda Kariakoo kutafuta vipuri vya kompyuta bila orodha mfukoni hanunui, bali huuziwa. Kabla hajamaliza kuvuka Mtaa wa Msimbazi, winga, yaani dalali wa mtaani, atakuwa ameshamuuliza anatafuta nini na ameshampandisha ghorofani kwenye duka analolijua yeye, na huko atakabidhiwa prosesa nzuri (chipu inayofanya hesabu zote) pamoja na ubao mama (bodi ambayo vipuri vyote huchomekwa) usiolingana nayo, au kasha lenye taa za rangi saba ambalo ndani yake mna pawa saplai, kipuri kinachogawa umeme, nyepesi kama boksi tupu la viatu. Mwongozo huu unakusudia orodha hiyo iandikwe nyumbani, kwa utulivu, vipuri vikiwa vimeshalinganishwa kimoja kwa kingine.

Ninazungumzia kompyuta ya mezani ya mtu anayeunganisha kwa mara ya kwanza na ambaye fedha zake zina mwisho: mwanafunzi wa chuo, kijana anayejifunza kuandika programu au kuhariri video, mwenye duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, au mzazi anayetaka mashine moja itumike na nyumba nzima. Msimamo wangu nautaja mapema, kwa kuwa ndio unaoongoza kila hatua hapa chini: fedha ziwekwe kwanza kwenye vile ambavyo ni vigumu kubadilisha baadaye na kwenye vile vinavyolinda vingine, na kadi ya grafiki, yaani kipuri cha kuchora picha za skrini, ambayo ndiyo kila kijana huanza kuiulizia, isubiri.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba kuunda ndiko kunakokufaa

Si kila mtu anapaswa kuunda kompyuta. Masoko yetu yamejaa mashine zilizotumika maofisini ng'ambo, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zile ambazo wauzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi huzitangaza kwa jina la "ex-UK". Kama kazi yako ni kuandika barua, kutumia intaneti, kuweka hesabu za duka na kutazama video, nunua mojawapo na fedha inayobaki uiweke kwenye skrini nzuri, kwa sababu vipuri vipya vya bei hiyo havitakupa mashine iliyo bora kuliko hiyo.

Hata hivyo, zitazame kwa makini mambo mawili. La kwanza ni umri wa prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen ya mfululizo wa 2000 au zaidi. Ndiyo maana mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya kutupa. Bado zinafaa sana kwa mwenye kukubali kutumia Linux Mint au Ubuntu, lakini anayehitaji Windows inayopokea marekebisho ya usalama aanzie kizazi cha 8. La pili ni umbo. Nyingi ya mashine hizo zina pawa saplai na soketi za umeme za muundo wa kampuni yenyewe, na zile nyembamba hazipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida. Ukitaka kuikuza, utakuta kila mlango umefungwa. Kuunda mwenyewe kuna maana pale tu unapotaka mashine itakayobadilishwa kipande kimoja kimoja kwa miaka mingi.

Kuna pia kishawishi kingine, nacho ni seti za Xeon zinazoagizwa China: prosesa ya seva iliyostaafu, kama E5-2680 v4 ya mwaka 2016 yenye viini 14 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), ikiwa juu ya ubao mama mpya uliotengenezwa kwa ajili yake. Bei inavutia na idadi ya viini inavutia zaidi. Lakini prosesa hiyo pekee imepangiwa wati 120, haina grafiki ya ndani, yaani haiwezi kutoa picha yenyewe, kwa hiyo inakulazimisha kununua kadi siku ileile, na ubao wake ukifa hakuna dukani wa kuurithi. Kwa mashine ya kwanza, iache.

Hatua ya pili: Gawa fedha kabla ya kutaja jina la kipuri chochote

Chukua jumla ya fedha, toa kwanza gharama ya skrini, kibodi, kipanya na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kama huna, kisha kinachobaki kigawanye. Mgawanyo ninaoutumia mimi kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, katika kila shilingi 100, ni shilingi 25 kwa prosesa, 17 kwa ubao mama, 20 kwa RAM (kumbukumbu ya muda), 12 kwa SSD (hifadhi ya kudumu), 14 kwa pawa saplai, 8 kwa kasha na 4 kwa nyaya, feni ya ziada na nauli. Namba hizi si sheria, na fungu la RAM ndilo linaloyumba kuliko mengine: tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu imepanda sana duniani kote, kwa kuwa viwanda vinavyotengeneza chipu hizo vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kwa sababu hiyo ulizia bei ya RAM kwanza, kabla ya kila kitu, maana ndiyo itakayokuambia kama utaweza kununua kizazi kipya au utabaki na kile kilichotangulia.

Hatua ya tatu: Prosesa, na kwa nini iwe na grafiki ya ndani

Prosesa huamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa maana inachagua soketi (kikalio chake kwenye ubao), soketi inachagua ubao mama, na ubao mama unachagua aina ya RAM. Kwa mwenye bajeti ndogo kuna njia tatu za kweli.

Njia ya kwanza ni soketi ya AMD iitwayo AM4, ambayo Ryzen zake zilianza kuuzwa mwaka 2017 na ambayo hutumia RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5. Ni soketi ya zamani, na hilo ndilo jema lake: vipuri vyake viko vingi, vipya na vilivyotumika, na mafundi wameshaizoea. Njia ya pili ni soketi ya Intel iitwayo LGA 1700, inayopokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, na ambayo ubao wake waweza kuwa wa DDR4 au wa DDR5, kutegemea ulivyotengenezwa. Hapo Core i3-12100 yenye viini 4 inatosha kabisa kwa kazi za ofisi na masomo, na Core i5-12400 yenye viini 6 ni ya mtu mwenye nafasi zaidi. Njia ya tatu ni AM5 ya AMD, iliyotoka mwaka 2022 na isiyokubali RAM yoyote isipokuwa DDR5. Hiyo ndiyo yenye maisha marefu mbele yake, ila kwa bei za RAM za sasa, wengi wetu tutaitazama dirishani.

Kwa mfano wa mwongozo huu nitachukua AM4 na prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye viini 6, nyuzi 12 (mikondo ya kazi, miwili kwa kila kiini), kiwango cha wati 65 na grafiki ya ndani iitwayo Radeon Vega. Nimeichagua kwa sababu ya herufi moja. Katika soketi ya AM4, herufi G mwishoni mwa jina humaanisha kwamba prosesa ina grafiki yake, na Ryzen ya kawaida isiyo na herufi hiyo, kama 5500 au 5600, haina. Kwa Intel mambo yamegeuzwa: prosesa ya kawaida ina grafiki, na ile yenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, haina. Watu wengi wameunganisha kompyuta nzima, wakachomeka waya wa HDMI kwenye ubao mama, wakaona skrini nyeusi, wakarudisha ubao dukani wakidai ni mbovu, kumbe walinunua prosesa isiyo na macho. Muuzaji akikutajia bei iliyoshuka kidogo kuliko ya duka la jirani, soma herufi ya mwisho kabla ya kufurahi.

Sharti niwe mkweli kuhusu upungufu wa 5600G. Ina akiba ya ndani (cache) ya megabaiti 16, nusu ya ile ya Ryzen 5 5600, na njia zake za PCIe, zinazounganisha kadi na prosesa, ni za kizazi cha 3. Siku ukiweka kadi kubwa ya grafiki, 5600 ya kawaida itaishinda katika gemu. Lakini 5600 haitoi picha bila kadi, na mtu asiye na fedha ya kadi leo hana sababu ya kununua kasi atakayoitumia mwakani. Grafiki ya ndani ya 5600G inaendesha gemu nyepesi katika ubora wa kawaida, inacheza video bila kukwama, na inatosha kwa kuhariri video fupi. Ukihitaji zaidi baadaye, soketi ileile inapokea Ryzen 7 5700X yenye viini 8.

Jambo moja la dukani: 5600G iliyo ndani ya boksi lake huja na feni ya AMD inayotosha kazi yake. Ile inayouzwa bila boksi, ikiwa kwenye plastiki tu, mara nyingi haina feni, na bei yake ndogo huisha mara tu unapoongeza bei ya feni na dawa ya kupooza.

Hatua ya nne: Ubao mama

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, ndicho kipuri ambacho kukibadilisha ni sawa na kuvunja nyumba ili ubadilishe msingi. Kwa AM4, chipuseti (chipu za ubao zinazoamua uwezo wake) za kutazama ni A520, B450 na B550. A520 inatosha kwa mtu anayejua kwamba hataongeza mambo mengi. B550, iliyotoka mwaka 2020, ndiyo ninayopendekeza ikiwa tofauti ya bei haizidi kile ulichotenga. B450 ni ya mwaka 2018, yaani imezaliwa kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000, hivyo ubao wa B450 uliokaa kabatini unaweza kuwa na bayosi (programu ya ubao inayoiamsha mashine) ya zamani isiyoitambua 5600G kabisa, na hata baadhi ya B550 za mwanzo zilihitaji bayosi mpya. Dawa yake ni rahisi: muombe muuzaji ausasishe ubao huo, au uchague wenye kitufe cha kusasisha bayosi kwa kutumia flashi bila prosesa.

Usiutazame ubao kwa uzuri wa taa zake. Uhesabu. Una nafasi ngapi za RAM? Zikiwa 4 utaweza kuongeza bila kutupa ulizonazo, zikiwa 2 siku ya kuongeza ni siku ya kuuza za zamani kwa hasara. Una nafasi ya M.2, ya kuchomeka SSD bapa, inayokubali NVMe, aina ya SSD yenye kasi? Matundu ya skrini nyuma yake yanafanana na skrini uliyonayo, au una skrini ya zamani yenye VGA tu huku ubao una HDMI tu? Je, vipande vinavyopeleka umeme kwenye prosesa vimefunikwa kwa bati la kupoozea? Katika chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, ambapo joto la ndani hufika nyuzi 30 na ushei, bati hilo si pambo.

Ukubwa unaofaa bajeti yetu ni Micro-ATX, yaani milimita 244 kwa 244. Kuhusu Wi-Fi, ubao wenye nayo ni ghali zaidi, na wanaotumia intaneti ya simu hawaihitaji sana, kwani simu ikichomekwa kwa waya wa USB na kuwashwa ushirikishaji wa intaneti, kompyuta huipata bila kifaa kingine.

Kama unanunua ubao wa AM4 uliotumika, pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo kagua prosesa. Kama ni LGA 1700, pini ziko ndani ya soketi ya ubao, kwa hiyo washa tochi ya simu na uitazame soketi kwa pembeni: pini zote zinapaswa kulala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na moja tu iliyopinda inatosha kuukataa ubao.

Hatua ya tano: RAM, vijiti viwili na si kimoja

Prosesa yenye grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake ya picha, bali huazima kutoka kwenye RAM ya kompyuta. Hivyo RAM inafanya kazi mbili, na kasi yake huonekana moja kwa moja kwenye gemu na video. Kijiti kimoja cha gigabaiti 16 hufungua njia moja ya data, ilhali viwili vya gigabaiti 8 hufungua njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa 5600G tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mtu anayeweka kijiti kimoja amenunua nusu ya grafiki aliyoilipia. Kwa hiyo orodha iseme: DDR4, vijiti viwili vya gigabaiti 8, kasi 3200. Ikiwa bei imekushinda kabisa, viwili vya gigabaiti 4 vitakuvusha kwa muda kwa kazi nyepesi, mradi ubao una nafasi nne.

Kwenye ubao wenye nafasi nne, vijiti viwili huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu kidogo kilichomo kwenye boksi la ubao huonyesha jambo hili kwa mchoro, na ndicho cha kuaminiwa kuliko fundi yeyote, nami nikiwamo.

Angalia mitego miwili. DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwani mkato wake uko mahali tofauti, na anayeilazimisha huvunja ubao. Pili, kuna RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya kushangaza, zenye umbo lilelile na DDR4 ya kawaida. Kama kibandiko chake kina herufi R baada ya namba ya kasi, au kina maneno ya ECC yaliyoambatana na hiyo R, haitawaka kwenye ubao wa nyumbani.

Hatua ya sita: SSD

Hapa sina maneno mengi. Nunua SSD ya NVMe ya gigabaiti 500, ya umbo la M.2 lenye urefu wa milimita 80, kutoka kampuni inayojulikana. Ile ya SATA, aina ya zamani, husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde na NVMe ya kizazi cha 3 hufika karibu 3,500, lakini kwa matumizi ya kila siku hata ya SATA ni ukombozi kwa mtu aliyetoka kwenye diski ya kuzunguka. Jihadhari na SSD za terabaiti 2 zenye bei ya terabaiti 1 au chini ya hapo, kwani nyingi zimechakachuliwa: zinaonyesha ukubwa wa uongo, na data zako huanza kujifuta zenyewe pale nafasi halisi inapojaa. Diski ya kuzunguka iliyotumika inafaa kuhifadhia filamu na picha, ila isiwe mahali pekee pa kuwekea kazi yako.

Hatua ya saba: Umeme

Pawa saplai yangu ya kwanza ilikuja bure ndani ya kasha. Ilidumu miezi mitano. Jioni moja ya masika umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena na kurudi kwa nguvu, nikasikia mlio mfupi na kunusa harufu ya plastiki iliyoungua, na pawa saplai ile haikufa peke yake: iliondoka na ubao mama pamoja na diski. Tangu siku hiyo sehemu hii ya orodha huijaza kwanza.

Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Soma jedwali dogo lililo kwenye kibandiko, utafute safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hulishwa na safu hiyo. Zidisha ampea zake kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 600 ambayo safu yake ya volti 12 ina ampea 25 ni pawa saplai ya wati 300 iliyovaa koti la kuazima. Ya kweli ya wati 550 huonyesha ampea 40 na zaidi kwenye safu hiyo. Kisha tafuta alama ya 80 PLUS, ambayo maana yake ni kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka kama umeme wa kazi, mzigo ukiwa asilimia 20, 50 au 100, na kinachobaki hugeuka joto. Kiwango cha Bronze kinatosha. Uzito nao ni shahidi, maana pawa saplai nzuri ina koili na kapasita za kutosha, na mkono huhisi.

Wati ngapi? Prosesa ya wati 65 ya AM4 huruhusiwa kuvuta hadi wati 88, ukijumlisha ubao, RAM, SSD na feni mashine nzima haizidi wati 120 au karibu na hapo ikifanya kazi kwa nguvu zote. Ukiongeza baadaye kadi kama Radeon RX 6600 ya wati 132, bado uko chini ya 300. Kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550 inatosha leo na kesho, na anayekushawishi ununue ya 850 anafikiria faida yake.

Ikiwa pawa saplai imetumika na imetoka Marekani au Japani, tazama nyuma yake kama kuna swichi nyekundu. Ikiwa imewekwa 115, nawe ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, au 240 kama wa Kenya, italipuka papo hapo. Zisizo na swichi na zilizoandikwa 100–240 hazina tatizo hilo.

Kuna jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu, nalo ni waya wa ardhini, yaani ethi. Nyaya nyingi za umeme zinazokuja na mashine za Ulaya zina plagi ya pini mbili za mviringo, na sisi huzichomeka kwenye soketi zetu za matundu matatu kwa kutumia adapta ya bei ndogo isiyopitisha ethi. Dalili yake utaijua: ukigusa chuma cha kasha huku umesimama pekupeku, vidole huhisi mwasho mdogo wa umeme. Nunua waya wenye plagi ya pini tatu za mraba na fyuzi ndani yake, na kama mwasho unaendelea, tatizo liko kwenye nondo ya ethi ya nyumba, nalo ni la fundi umeme.

UPS nimeitoa nje ya mgawanyo wa fedha, lakini sijaitoa nje ya ulazima. Betri ya kawaida ya UPS ndogo ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi na karibu nusu yake inapovutwa kwa haraka. Kwa mashine yetu hizo ni dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, basi. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwa kuwa inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuiangusha.

Hatua ya nane: Kasha na upepo

Kasha lolote la Micro-ATX lenye uso wa wavu na nafasi ya feni mbele na nyuma linafaa. Likataliwe lile lenye uso wa kioo kitupu, ambalo hugeuka jiko. Weka feni moja mbele inayoingiza hewa na moja nyuma inayoitoa, na lisikae sakafuni, kwani vumbi la nyumba hutembea chini. Walio karibu na bahari wafungue na kulipuliza kila baada ya miezi michache, wakizuia feni kwa kidole zisizunguke.

Kadi ya grafiki, siku itakapofika

Ukishaweka akiba, zingatia kwamba 5600G ina PCIe ya kizazi cha 3. Kadi zinazotumia njia 4 tu, kama RX 6500 XT, hupoteza nguvu nyingi hapo. RX 6600 inatumia njia 8 na haipungukiwi sana, na GTX 1650 ya wati 75 huwafaa wenye pawa saplai dhaifu. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoka zilimiminika sokoni, hivyo kadi iliyotumika ijaribiwe kwa gemu au programu nzito kwa angalau dakika 15 mbele yako. RX 580 yenye maneno 2048SP ni dhaifu kuliko RX 580 halisi, na haipaswi kulipiwa bei ya jina hilo. Programu ya GPU-Z hutambua kadi nyingi za kughushi na kuziandika wazi kuwa ni feki.

Siku ya kununua

Prosesa, ubao mama na RAM vinunuliwe duka moja. Mtu anayenunua kila kimoja mahali pake ili aokoe shilingi elfu kumi hujikuta, mashine isipowaka, anazungushwa kati ya maduka matatu, kila moja likimnyooshea kidole jirani yake. Ukivinunua pamoja, omba viwashwe hapohapo: ubao uwekwe juu ya boksi lake la karatasi, prosesa, feni na RAM vipachikwe, skrini ichomekwe, na pini mbili za kuwashia ziguswe kwa ncha ya bisibisi. Ukiingia kwenye bayosi na ukaona jina la prosesa na gigabaiti 16 kamili, umemaliza nusu ya safari, na suala la bayosi ya zamani limejibiwa kabla hujapanda daladala.

Dai risiti ya EFD, au ya eTIMS kwa walio Kenya, na muuzaji aandike juu yake au kwenye karatasi yenye mhuri namba tambulishi za vipuri na muda wa waranti. Neno la mdomo, "ukipata shida njoo," halina tarehe. Ukitajiwa bei mbili, moja ya risiti na nyingine isiyo ya risiti, ile ya pili ni bei ya kipuri kisicho na waranti.

Ukifika nyumbani

Baada ya kuunganisha, ingia kwenye bayosi kabla ya kuweka mfumo wa uendeshaji, uwashe wasifu wa kasi ya RAM uitwao XMP au DOCP, kwani bila hatua hiyo vijiti vingi vya 3200 hutembea kwa kasi ndogo kuliko uliyolipia. Tazama pia joto la prosesa: ikiwa ndani ya bayosi inapanda kupita nyuzi 60 bila kazi yoyote, feni haijakaa sawa au plastiki ya kinga haijabanduliwa chini yake. Kisha weka MemTest86 kwenye flashi na uiache ipime RAM usiku mzima, na asubuhi yake, ukishaweka Windows, usome hali ya SSD kwa CrystalDiskInfo. Kosa moja tu la RAM linatosha kukurudisha dukani, na urudi siku hiyohiyo ukiwa na risiti mkononi, maana maduka mengi hubadilisha kipuri bila maneno katika siku chache za mwanzo, na baada ya hapo hukiita "cha kupeleka kwa fundi".